Seti ya mbao ya kufundishia mipasuko ya miamba: inunueni

Walimu wenzangu wa jiografia wa Mtwara na Lindi, seti hii inachongwa na fundi mmoja wa Mikindani kwa shilingi 40,000. Ni jozi tatu za mbao, zimepakwa rangi tabaka kwa tabaka.

Jozi ya kwanza ndiyo bora. Ukizivuta pande mbili, kipande kilicholalia mteremko wa ufa kinashuka. Hivyo ndivyo Bonde la Ufa linavyotanuka, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walielewa palepale. Ya pili unaisukuma, na kipande cha juu kinapanda. Mpasuko wa namna hii, chini ya bahari karibu na Sumatra, ndio ulioleta tetemeko la 2004 la ukubwa wa 9.1 na tsunami iliyofika hadi pwani ya Tanzania.

Nilichopenda zaidi ni kwamba nyuso za ndani hazikupigwa msasa. Mbao zinang'ang'aniana, unasukuma wee, hakuna kitu, kisha zinaachia ghafla na meza inatikisika. Tetemeko ndilo hilo: miamba iliyokwama ikiachia nguvu iliyojilimbikiza kwa miaka mingi. Picha ya kitabuni haikuonyeshi.

Jozi ya tatu, ya kupishana ubavu kwa ubavu kama mpasuko wa San Andreas kule California, ni dhaifu. Ni fupi mno. Barabara iliyochorwa juu yake, wa nyuma hawaioni ikikatika. Rangi nayo inachubuka. Mwambieni fundi airefushe, mimi nimeshaagiza ya futi mbili.