Programu ya kuchora bloku za viraka vs penseli, maoni yangu

Nimeitumia programu kwa miezi miwili hapa Moshi kupanga shuka la viraka vya kitenge na aisee kwenye rangi haina mpinzani, unabadilisha nyekundu kuwa bluu, unageuza pembetatu, bloku moja (mraba wa viraka vilivyoungwa) inajirudia shuka zima na unaona kabla hujagusa mkasi. Kwa karatasi ya grafu hapo ningefuta mpaka ichanike 😅

Shida ilikuja kwenye kuprinti. Nilienda steshenari, pattern ikajibana yenyewe ili iingie kwenye A4, mie bila kupima nikakata vipande 20 vya kitenge kipya cha soko la Mbuyuni, kuja kuunga na vile vingine havikutani kona hata kimoja!! Kumbe mraba wa inchi 4 na nusu (4 za bloku, robo robo ya mshono kila upande) umetoka inchi 4 na kitu. Mama mkwe akacheka tu, yeye anachora kwa penseli na rula na kona zake zinakaa.

Sasa rangi napangia kwenye kompyuta, vipimo nachora mwenyewe kwenye boksi la biskuti. Programu naipa 3 kati ya 5, na umeme ukikatika haina hata hizo.