Kuelea gizani, pwani ya mashariki Unguja: uzoefu wangu

Kila nikisema nimelipia kwenda kuelea ndani ya tangi la maji ya chumvi, gizani na kimya, ili nipumzike, naulizwa swali moja: kisiwa chote kimezungukwa na bahari, pesa za nini? Ni swali la haki. Lakini baharini unaelea huku unafanya kazi. Unapiga miguu, unakaza shingo maji yasiingie puani, na jicho liko kwa nguo zako ufukweni. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Tangi la kuelea halina kina, maji yake ni kama sentimita 30 hivi, lakini yameyeyushiwa mamia ya kilo za chumvi ya haluli, ile ile wazee wetu walikuwa wakinywa kusafisha tumbo. Ukilala chali, maji yanakubeba wewe mzima, kuanzia kisogo mpaka visigino, na huna la kufanya.

Mimi ni fundi cherehani, Michenzani, mjini Unguja. Mwezi wa Shaabani ukiingia nguo za sikukuu zinaanza kumiminika, na mpaka mfunguo mosi uandame shingo yangu huwa haigeuki. Daktari amenipa dawa na mazoezi, nayo naendelea nayo. Habari za tangi nilizipata kwa mteja wangu anayefanya kazi hotelini. Mahali penyewe ni upande wa shamba, pwani ya mashariki. Jina silitaji, kwa sababu nina sifa zao na nina malalamiko pia, na ninataka tuzungumze mambo yenyewe.

Kilichoniteka moyo kwanza ni mhudumu, msichana wa kwetu hapa hapa. Kabla hata sijavua viatu aliniuliza, "Bibie, umenyoa leo? Umesinga?" Nikamwambia singo nilijipaka juzi. Akasema afadhali, maana ngozi iliyosuguliwa siku hiyo hiyo, au yenye mchubuko, ikikutana na chumvi ile inawaka. Kidole changu kilichochomwa na sindano akakipaka mafuta mazito ya mgando. Akauliza kama nimetia rangi nywele karibuni, kama nina kifafa, maradhi ya figo, presha ya kushuka, au kidonda kibichi. Mwenye mojawapo ya hayo amuone daktari wake kwanza.

Nilimuuliza kuhusu usafi bila kuona haya, kwa sababu maji yale hayamwagwi kila mteja anapotoka. Akanionesha pampu inavyoyazungusha na kuyapitisha kwenye chujio baina ya mteja na mteja, kisha yanapigwa na miale ya kuua vijidudu. Kila mtu lazima aoge kwa sabuni kabla ya kuingia. Nilikwenda baada ya Alasiri na nikamwomba anigongee mapema kabla ya Magharibi, maana kule ndani huioni saa, na ukiziba masikio adhana huisikii. Akaandika kwenye karatasi akaibandika mlangoni. Jambo dogo, lakini ndilo lililonifanya niweze kulala kwa utulivu.

Ndani, dakika za mwanzo nilikuwa bado nashona. Kola ya kanzu ya mtu fulani ilinisumbua akilini. Shingo nayo ilikataa kuachia, nakishikilia kichwa kana kwamba kitazama. Nikakumbuka nililoelekezwa, nikainua mikono nikailaza juu ya kichwa, na mabega yakashuka yenyewe. Hapo ndipo raha ilipoanza. Maji yana joto la nyuzi 35 hivi, karibu sawa na ngozi, kwa hiyo baada ya muda hujui mkono unaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Nilisikia moyo wangu na pumzi zangu, basi. Kwa mtu anayekaa ghorofani Michenzani, na cherehani, honi za daladala na watoto wa jirani, ukimya ule ni kitu ambacho sijakipata popote pengine, hata usiku wa manane.

Wifi yangu, niliyekwenda naye safari ya pili, hakuupata ukimya huo. Mara taa ilipozimwa alihisi kifua kimembana akatoka. Mhudumu hakumlazimisha wala hakumcheka. Alimrudisha taratibu, akamwonesha kitufe cha taa, kitufe cha kuita, na mlango usio na komeo, akamwambia, "Wifi, uache wazi, na taa iwake, vile vile utaelea." Akaelea hivyo hivyo, mlango wazi, akatoka anacheka. Mambo haya yalianza Marekani mwaka 1954, daktari John C. Lilly alipotaka kujua ubongo unafanya nini ukikosa kelele na mwanga wa nje, na waliojaribiwa walizamishwa mzima mzima na barakoa ya kupumulia usoni. Wifi aliposikia hivyo alishukuru amezaliwa zama hizi.

Kuna utafiti wa mwaka 2018 wa kina Justin Feinstein, huko Tulsa, Marekani. Watu 50 wenye wasiwasi na msongo waliingizwa ndani kwa saa moja, na wasiwasi wao ukapungua. Ila kilichopimwa ni nafuu ya muda mfupi. Kwangu pia ndivyo ilivyokuwa: usiku ule nililala vizuri mno, na shingo iligeuka kwa siku kadhaa, kisha kazi ikairudisha. Sisemi imeniponya. Nasema imenipumzisha, na kupumzika kwenyewe nilikuwa nimekusahau.

Sasa malalamiko. Fomu ya kutia saini, yenye masharti yote ya afya, ilikuwa ya Kiingereza na Kitaliano peke yake. Mhudumu alinisomea, lakini siku asipokuwepo yeye, mama wa Kiswahili atatia saini asichokijua, tena kuhusu mwili wake mwenyewe. Hili wenye biashara walirekebishe haraka. La pili, umeme ulikatika nikiwa ndani. Giza halikunitisha, lilikuwepo tangu mwanzo, ila jenereta ilipowashwa nyuma ya ukuta mtikisiko wake niliuhisi mgongoni kupitia maji, na ukimya nilioulipia ukaisha. Waliomba radhi, lakini jenereta ihamishwe.

Kwa wanawake wenye misuko: suuzeni kwa maji baridi mengi, tena na tena, na muende na mafuta yenu ya nazi. Chumvi hujificha kwenye rasta na kesho yake kichwa kinawasha. Na ikikuingia jichoni, usifikiche kwa mkono. Kuna chupa ya maji safi ya kupuliza pembeni, itumie hiyo.

Bei ilikuwa imewekwa kwa dola. Kwa mgeni ni sawa, kwangu ilikuwa kazi ya kutwa nzima na zaidi. Mji wetu Sultani Barghash aliujengea mabafu ya Hamamni, watu wakaoge na kupumzika, na sisi wenyeji nasi tunastahili sehemu kama hizi. Naomba watenge siku moja ya wakaazi kwa shilingi, na iwepo saa ya wanawake peke yao. Wakifanya hivyo, nitawapelekea mafundi wenzangu wote wa mtaani kabla Shaabani haijaingia.