Ruaha kwa siku moja na watoto: kaeni mtoni

Kwa familia ya Iringa ambayo watoto wake wanatamani kuona wanyamapori, Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyo kilomita 130 hivi magharibi mwa mji, inawezekana kabisa kwa siku moja, mradi mtoke alfajiri na mkubali mapema kwamba hamtaona kila mnyama. Safari ya kupitia Kalenga na Tungamalenga ni ndefu na inachosha, lakini inalipa.

Madereva wengi hupenda kuwazungusha wageni wakimtafuta simba, na kwa mtoto mdogo mzunguko huo ni adhabu. Sisi tulimwomba dereva azime injini kwenye ukingo wa Mto Ruaha Mkuu, karibu na Msembe, makao makuu ya hifadhi, tukae hapo. Kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Septemba na maji yalikuwa yamebaki kwenye madimbwi machache, wanyama walitufuata wenyewe: viboko waliobanana topeni, twiga waliotanua miguu ya mbele ili wanywe, kisha kundi la tembo wakichimba mchanga kwa miguu na mikonga hadi maji yakachuruzika. Watoto walisahau hata chakula.

Kuchimba huko kunafurahisha macho, ila chanzo chake kinahuzunisha. Mto huu hupata maji yake kutoka bonde la Usangu, mkoani Mbeya, na tangu miaka ya mwanzo ya 1990 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, kwa sehemu kubwa kwa sababu maji huelekezwa kwenye mashamba ya mpunga. Hata kuingizwa kwa Pori la Akiba la Usangu katika hifadhi mwaka 2008 hakujaumaliza ukame huo. Niliwaeleza wanangu palepale kwamba wali wa Mbarali, wilaya ya huko Usangu, tunaoupenda nyumbani unanyweshwa na mto huohuo, na ningependa sana waongoza wageni wawaeleze hivyo watoto wote.

Lililotuudhi ni gari la kukodi, ambalo viti vyake vya nyuma vilikuwa chini mno, kiasi kwamba mdogo wetu aliona mbingu tu mpaka tulipompakata. Kagueni viti kabla ya kulipa, au bebeni mito ya kukalia. Nguo za buluu na nyeusi ziacheni nyumbani, kwa sababu mbung'o huvutiwa na rangi hizo, na kuumwa kwake kunauma kweli.