Baiskeli ya mtumba ya Kijapani, gia tatu: inamfaa nani aliyevuka hamsini?

Kwa mwenye miaka 50 na kitu, kitambi kimeanza na magoti yanalalamika, usikimbilie baiskeli ya maunteni mpya yenye shokapu zinazong'aa. Tafuta ya mtumba kutoka Japani: fremu iliyoinama katikati, kikapu mbele, kifuniko cha cheni, na gia tatu zilizofichwa ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma. Vijana huiita ya akina mama. Waache waite. Ile fremu ndiyo sifa yake kuu, kwa kuwa hurushi mguu juu ya siti, na ukiyumba unakanyaga chini mara moja. Kwenye Phoenix yenye bomba la juu, mwenye nyonga zilizokaza anapata taabu kabla safari haijaanza.

Shokapu za bei rahisi huongeza uzito, hunywa nguvu unayoitia kwenye pedeli, na kwa vumbi na chumvi ya pwani huganda mapema. Ya Kijapani nayo si nyepesi, nyingi zinakaribia kilo 20, lakini kwenye barabara tambarare hilo halimsumbui anayetaka kupungua.

Gia tatu zinatosha Dar es Salaam, Tanga au Unguja Mjini. Lushoto au Mbeya hazitoshi: utasimama juu ya pedeli kila mlima, na magoti ndiyo yatakayolipa. Gia ikiruka au pedeli ikizunguka bure ghafla, usimruhusu fundi afungue habu kwanza. Kama habu ni ya aina ya Shimano Nexus, weka gia ya 2, tazama kidirisha kidogo kwenye kifaa kilicho mwisho wa ekseli ya nyuma; alama zake lazima zilingane. Zisipolingana, kaza au legeza skrubu ya waya wa gia, halafu funga nati yake. Mara nyingi ugonjwa wote ni huo.

Mahali baiskeli hii inapokera ni tairi. 26 x 1 3/8 hukaa kwenye rimu ya milimita 590, wakati 26 x 1.95 ya maunteni ni 559. Zote dukani zinaitwa "ishirini na sita", na haziingiliani hata kwa nyundo. Soma namba ndogo ubavuni, mfano 37-590. Ukikuta 27 x 1 3/8 ya Kijapani (37-609) na tairi zimekwisha, tafuta tairi kwanza ndipo ulipe baiskeli, maana saizi hiyo ni adimu.

Upepo nao una siri yake. Valvu nyingi ni za aina ya zamani zenye kampira chembamba ndani. Joto hukipasua, upepo ukatoka polepole, na watu wakatafuta pancha isiyokuwepo. Kampira ka akiba kakae kwenye kikapu. Mtu mzito ajaze karibu na kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Ukikuta matundu mawili yamepangana kwenye tyubu, si msumari: upepo ulikuwa mdogo, rimu ikaibana tyubu kwenye shimo.

Breki ya nyuma ya mkanda hupiga kelele. Usiitie mafuta, itakufa.

Bomba la siti huwa fupi. Mwenye urefu wa sentimita 170 na zaidi anunue refu lenye kipenyo kilekile, mara nyingi milimita 25.4, na asilivute kupita mstari uliochorwa. Kisigino kikiwa kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti libaki limekunjika kidogo. Goti likiuma mbele, siti iko chini au gia ni nzito. Likiuma nyuma, siti iko juu mno.

Kuhusu kilo, gia nyepesi na miguu ya haraka, mizunguko 60 hadi 80 kwa dakika, ni bora kuliko kukaza gia ya 3. Anza dakika 20 mara tatu kwa wiki, upande taratibu hadi jumla ya dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani kwa mazoezi ya wastani. Mwenye kilo 85 akienda mwendo wa wastani huchoma takriban kalori 500 kwa saa. Kilo moja ya mafuta ni kama 7,700. Soda moja na chapati mbili za njiani zinairudisha saa yote.

Anayetumia dawa za presha zinazopunguza mapigo asitegemee saa ya mkononi; apime ukali wa zoezi kwa kuongea, sentensi itoke bila kukatika. Anayechoma insulini abebe glukosi, na wa ganzi ya miguu au maumivu ya kifua aanzie kwa daktari. Baiskeli pia haiimarishi mifupa kama kutembea au kupanda ngazi, kwa hiyo usiache kutembea.

Kabla ya kulipa, inua gurudumu la nyuma ulizungushe, tikisa krenki (mikono inayoshika pedeli) kwa mkono uone kama inacheza, kisha ilaze baiskeli uchunguze chini ya krenki. Kutu ya juu juu inasuguliwa. Iliyotoboa bomba haishonwi kwa kuchomelea, mwachie muuzaji.