Miezi saba ya kusaka bastola ya bei nafuu, Arusha hadi Moshi

Nianze na mnalotaka kujua: nimenunua. Ni bastola ya Kituruki, mpya, ya milimita 9, na bei yake haikupishana sana na pikipiki mpya ya Boxer. Bastola yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Duka nililoinunulia linapata mbili, na sababu inaitwa magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Nitafika huko.

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Nanunua mnadani Meserani na kwingineko njia ya Dodoma, nawauzia wachinjaji wa mjini. Siku hizi wafugaji wengi wanapokea kwa simu, lakini bado wapo wazee ambao bila kuzihesabu noti kwa mkono wao ng'ombe haondoki. Kwa hiyo siku ya mnada natembea na pesa. Jioni moja mwaka jana bodaboda yenye watu wawili ilitufuata tangu Kisongo mpaka tunaingia Majengo. Tukipunguza mwendo inapunguza, tukisimama inasimama. Hawakutufanya kitu. Ila usiku ule sikulala, na asubuhi nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuuliza mtu anaanzia wapi.

Anaanzia hapo hapo kwa mwenyekiti. Kama una wazo la kuingia dukani na hela na kutoka na bastola kiunoni, litoe kichwani leo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ni ya mwaka 2015 na kibali kinatangulia ununuzi. Ombi langu lilitoka mtaani likaenda kata, likajadiliwa na kuandikiwa muhtasari, likapanda kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), likaingia Kamati ya Usalama ya Wilaya ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, likaenda mkoani, ndipo likafika makao makuu ya Polisi. Nilitoa picha, nakala ya kitambulisho cha taifa (NIDA), alama za vidole, na maelezo ya kwa nini naitaka na nitaiweka wapi. Askari walikuja hadi mtaani kuuliza mimi ni mtu wa namna gani. Jirani yangu, mama mtu mzima, aliulizwa kama huwa nagombana na mke wangu. Akawajibu, "Wanagombana kwa ajili ya rimoti tu."

Ilichukua miezi saba. Kati ya hiyo, wiki sita faili lilikaa kwenye meza ya mtu bila kusogea na bila maelezo. Sijui mwenzangu utapata muda gani, ila usipange safari ya mnada kwa kuitegemea.

Nikiwa bado nasubiri nilianza kuzunguka kuulizia bei. Hapo ndipo nilipojua kuwa Chuga, yaani Arusha yetu, siyo mji wa bastola, ni mji wa raifo. Maduka ya silaha hapa yanaishi kwa uwindaji wa kitalii. Ukiingia, mbele kabisa zimepangwa zile raifo kubwa za .375 za kuwindia nyati, kisha bunduki za gololi, halafu kanda za risasi na mafuta. Bastola zina kabati dogo pembeni, na mara nyingi ni nne au tano tu. Ushindani wa bei kama ule wa simu Soko Kuu usahau.

Duka la kwanza lipo katikati ya jiji. Muuzaji ni dada wa makamo, ana sauti ya mwalimu. Kabla sijamaliza salamu akaniuliza, "Kaka, kibali unacho?" Nikamwonyesha nakala ya ombi. Akasema hiyo ni karatasi ya kusubiria, niangalie kupitia kioo. Nilikasirika kidogo, nikajiona kama mtoto dirishani kwa muuza keki. Baadaye, nilipoona wengine wanavyofanya kazi, hasira ile iliisha na nikamheshimu.

Niliporudi kwake na kibali aliitoa Glock 19. Alitoa magazini kwanza, akakoki mara mbili, akaingiza ncha ya kidole kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kuhakikisha hamna kitu, akanionyesha na mimi niingize changu, ndipo akailaza kwenye kipande cha flana mezani. Nikaichukua, na kama mpumbavu nikaielekeza kwenye kalenda ukutani. Akanishika kiganja. "Nyuma ya huo ukuta kuna fundi cherehani." Hamna risasi, chemba tumeichungulia wote wawili, lakini alinifanya nianze upya. Bastola nzuri, nikiri. Tupu haina hata robo tatu ya kilo, inabeba risasi 15, inakaa mkononi kama imepimwa. Haina kidude cha usalama cha kusukuma pembeni. Usalama wake uko kwenye triga yenyewe. Bei ilikuwa karibu mara mbili ya bajeti yangu. Niliuliza kama kuna maongezi. Akatabasamu tu.

Hapa nichomekee jambo. Jumapili moja Kwa Mrombo, tunasubiri mbuzi aive, chalii mmoja tuliyekaa naye meza moja alinisikia nikilalamikia bei. Akanisogelea: anaye mtu, ana "kitu kizuri", nusu ya nusu ya bei ya dukani, karatasi hazihitajiki. Nilimaliza soda yangu nikahama meza. Silaha bila leseni si kosa la kulipia faini ukarudi nyumbani, unashtakiwa kwa uhujumu uchumi na dhamana yake ni shughuli. Halafu fikiria silaha yenyewe: hujui imetoka wapi wala imeshamtoa nani roho. Ukikamatwa nayo unakamatwa na historia yake yote. Wanaotafuta "nafuu" ya aina hiyo wasiniulize mimi.

Moshi nilikwenda kwa sababu niliambiwa kuna mzee ana za mtumba. Kilomita kama 80, nikapanda kosta ya asubuhi. Mlima ulikuwa wazi siku ile mpaka theluji unaiona vizuri, nikaona ni dalili njema, haikuwa.

Mzee alinipokea vizuri. Shikamoo, marahaba, kiti, chai ya tangawizi. Akanieleza kuwa nyingi ya zile alizonazo zimetokana na marehemu. Bastola hairithiwi kama kihamba, shamba la ukoo la Wachaga. Baba akifa, mtoto hawezi kuichukua sandukuni na kuivaa. Inapaswa kukabidhiwa, na anayeitaka aanze kuomba kibali chake mwanzo mwisho. Watoto wengi wako Dar au nje, hawana muda huo, wanaamua iuzwe. Ndiyo maana pale kwa mzee unakuta vitu vya enzi za wazee wa kahawa.

Ya kwanza aliyonitolea ilikuwa Walther ndogo ya milimita 7.65, muundo wa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Ndogo, tamu, inaingia mfuko wa koti. Bei ndiyo ilikuwa ya chini kuliko zote nilizoziona katika safari yangu, hata nikaanza kupapasa mfuko. Namshukuru mzee alikuwa mkweli: risasi zenyewe za 7.65 ni za kutafuta kwa tochi, leo zipo, miezi minne hazipo, na zikiwepo bei si rafiki. Za milimita 9 unazipata kila duka. Nikaielewa ile bei ya chini ilikotoka.

Ya pili ilikuwa CZ 75, ya Kicheki, chuma kitupu, nzito karibu kilo nzima bila risasi. Kwa nje ilipendeza, rangi imechubuka kidogo tu kwenye kingo. Namba iliyochongwa kwenye chuma ililingana na ya kwenye karatasi, hilo nililikagua kwanza. Nikachungulia mtutu kwa tochi ya simu, mistari ya ndani bado imesimama. Tayari nilikuwa nimeshaamua moyoni. Kisha nikamwomba mzee tufungue zile mbao za mpini. Alisita. Akatafuta bisibisi muda mrefu kuliko inavyostahili bisibisi kutafutwa. Ubao wa kulia ulitoka vizuri. Wa kushoto ulipotoka, chini yake palikuwa na kutu nyekundu iliyokula chuma hadi pamekuwa na vishimo kama ngozi ya aliyeugua ndui, na magamba yakadondoka kwenye sahani ya chai. Mwenyewe wa kwanza alikuwa akiivaa tumboni ndani ya shati, miaka na miaka, na jasho lote likaingia upande ule. Mzee akaniambia itasafishika. Labda. Lakini kama mahali panapofunguliwa kwa skrubu moja hapakuwahi kufunguliwa, basi na springi, na pini, na kila nisichokiona, vilitunzwa hivyo hivyo. Nikanywa chai yangu, nikaaga. Simlaumu, hakuniuzia uongo, ila ningemwamini zaidi kama bisibisi ingepatikana haraka.

Kwa hiyo ukienda kwenye mtumba: fungua mpini. Usitosheke na mtutu.

Nikaishia duka la tatu, hapa hapa Arusha, dogo, la jamaa wa rika langu. Yeye ndiye mwenye za Kituruki. Mwanzo nilikuwa na dharau, nimezoea kusikia Kituruki ni tamthilia na nguo. Lakini Waturuki wanatengeneza bastola siku nyingi na wanauza nchi nyingi, na muundo wa hii umefuata zile zile za Ulaya tunazozisifia. Mwili plastiki ngumu, juu chuma. Ina kidude cha usalama pembeni, jambo ambalo mke wangu alilitaka. Triga ni nzito kidogo na ina mkwaruzo katikati ya safari yake, kama mlango wa gari la zamani. Bei ilikuwa ndani ya bajeti na jamaa akaniahidi magazini mbili, kitambaa cha kusafishia na ala yake.

Bei ya bastola siyo gharama yote. Hili hakuna aliyeniambia. Kuna ada za leseni. Kuna risasi, na kila unayonunua inaandikwa. Kuna mafunzo. Na kuna sefu, ambayo ndiyo ilinikomoa. Mama Dani alisema wazi: "Baba Dani, hicho kitu hakilali kabatini kwenye nguo zangu. Dani ana miaka tisa na kabati lote analijua." Nikanunua sefu ya chuma, fundi akatoboa ukuta na kuifunga kwa bolti nne kutokea ndani ili mwizi asiibebe yote kwa pamoja. Vumbi lilitapakaa chumba kizima. Ukijumlisha sefu, fundi na vikao viwili vya shabaha, niliongezea theluthi nyingine juu ya bei ya silaha. Atakayekuambia kwamba bastola ya bei nafuu ni ile yenye tarakimu ndogo kwenye kikaratasi hajawahi kununua.

Mafunzo nilifanya na askari mstaafu. Risasi 50 siku ya kwanza. Katika kumi za mwanzo mbili zilikwama, ganda limebanwa mlangoni limesimama kama jino. Nikawaza, ndiyo hii Uturuki yenyewe. Mstaafu akaichukua, akapiga tano bila shida, akanirudishia. "Chombo ni kizima. Mkono wako ndio mlenda." Akanieleza kwamba kile chuma cha juu kinahitaji mkono uliokaza ili kirudi nyuma chote na kutema ganda, ukilegeza kiganja, nguvu inapotelea kwenye mkono wako na ganda linabaki njiani. Nilipokaza, haikukwama tena mpaka mwisho, na siku ya pili pia haikukwama. Shabaha yangu tusiizungumzie. Kwa mita kumi nalipata bango, kwa mita ishirini nampata mwenye shamba jirani kama angekuwepo.

Nyota moja niliyoikata kwenye bastola ni ya ile triga. Kwenye duka nimekata tatu. Nilipofungua boksi nyumbani kulikuwa na magazini moja. Nikapiga simu. Jamaa akasema ya pili ilisahaulika kwenye mzigo, inakuja wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao. Nilikwenda mwenyewe, akaninunulia soda, akanionyesha daftari ambamo jina langu limeandikwa na kupigiwa mstari. Magazini moja si mwisho wa dunia, lakini niliilipia, na mtu wa ng'ombe akilipia mbili anaondoka na mbili.

Mnadani bado sijaivaa mara nyingi. Mara nyingi iko ukutani, na pesa siku hizi naigawa: kiasi kwa simu, kiasi kwa kijana wangu, kiasi kwangu, na tunaondoka Meserani kabla ya saa kumi. Mama Dani anasema hilo tungelifanya tangu mwanzo tungeokoa pikipiki nzima. Sijamjibu.

Jana nimempigia tena yule jamaa. Anasema mzigo uko Dar.