Bodie, California: mji wa mbio za kusaka dhahabu, ulioachwa ukiwa na vumbi lake

Kwa mtu aliyekulia jirani na machimbo ya Geita kama mimi, Bodie si mahali pa kupigia picha tu. Naipa nyota tano, na sababu kubwa ni namna wanavyoihifadhi: paa likivuja wanaziba, ukuta ukiinama wanauegemeza kwa nguzo, basi. Hakuna rangi mpya wala samani za kuigiza.

Nyumba nyingi huingii, unachungulia dirishani. Dukani makopo na masanduku bado yako kwenye rafu. Shuleni kuna madawati, vitabu na tufe la dunia, kana kwamba watoto wametoka mapumziko. Dirisha hilo lilinishika kuliko kanisa, ambalo kila mtu hulisifia.

Dhahabu ilionekana hapa mwaka 1859, ila mbio zenyewe za kuisaka zilikuja baada ya miamba yenye utajiri kugunduliwa miaka ya 1870. Kufikia 1880 hivi, wakazi walikuwa maelfu. Mawe mazuri yalipokwisha wakahama, na moto wa 1932 ukateketeza sehemu kubwa ya mji. Tangu 1962 ni hifadhi ya jimbo.

Tafadhali usikose ziara ya kinu cha Standard, ambacho huingii bila kiongozi. Nyundo nzito za chuma zilisaga mawe, tope lake likapita juu ya mabamba yaliyopakwa zebaki, dhahabu ikanasa. Kwetu wachimbaji wadogo wanatumia karasha (mashine ya kusaga mawe) na beseni, lakini zebaki ni ileile, na wengi bado wanaishika kwa mikono mitupu. Natamani sana vijana wa machimboni wasimame mbele ya mashine hii na kusikia maelezo yake.

Kilomita 5 hivi za mwisho ni barabara ya vumbi na mawe. Gari dogo linapita, polepole. Mji uko juu ya mita 2,500, kwa hiyo kichwa kinaweza kuuma na pumzi kuwa fupi. Usiokote kitu, hata msumari, ni marufuku. Ndani hakuna chakula wala mafuta, kwa hiyo jaza tangi kwenye miji ya jirani, Bridgeport au Lee Vining, na ubebe maji ya kutosha. Majira ya baridi theluji hufunga barabara. Nenda kiangazi, asubuhi na mapema, na sweta ubebe hata kama ni Julai.