Repetitere wangu (mwalimu wa masomo ya ziada) wa analizi numeriki hapa Lubumbashi: miezi 3 kwake

Nasoma uhandisi hapa Lubumbashi, na somo lililonitesa tangu mwaka uanze ni analizi numeriki, yaani kutatua hesabu kwa namba za kukadiria. Silabusi ni ya Kifaransa kizito, ukumbini tunajazana, na TP (kazi ya mazoezi) ikitolewa Jumatatu inatakiwa Ijumaa. Nimetafuta msaada mara mbili. Wa kwanza ulinilia pesa, wa pili bado ninao, na huo ndio ninaotaka kuwaelezea.

Ule wa kwanza ulikuwa huduma ya mtandaoni. Unapiga picha swali, unalipa, unaletewa jibu. Nililipa dola 15 kwa maswali 4. Majibu yalifika usiku uleule, yamechapwa vizuri. Swali moja lilikuwa milinganyo 2, 0.0001x + y = 1 na x + y = 2, itatuliwe kwa njia ya Gauss (kutoa mlinganyo mmoja kwenye mwingine ili x ifutike) kwa tarakimu maana 3, yaani tarakimu 3 bila kuhesabu sifuri za mwanzo. Wao wakaandika x = 0, y = 1. Nikanakili hivyohivyo. Asisitanti, msaidizi wa profesa, akaniita mbele, akaniambia nirudishe hizo namba kwenye mlinganyo wa pili. 0 na 1 ni 1, wakati ilitakiwa 2. Wenzangu wote wanatazama. Nikawaandikia wenye huduma mara tatu, kimya mpaka leo.

Msaada wa pili ni Yaya, yaani mkubwa wetu, ndivyo sote tunavyomwita. Kwake nilipelekwa na rafiki. Anafundishia kwenye lupango (uwanja wa nyumba) ya dada yake, komuni ya Kenya hapahapa Lubumbashi, ubao umeegemezwa ukutani, mabenchi mawili, wanafunzi 6. Franka 10,000 kwa saa 2.

Siku ya kwanza nilimwonyesha swali lile lile. Akanipa chaki, akachukua kikokotoo changu akakiweka mfukoni. "Mdogo wangu, kila namba ikizidi tarakimu 3, kata kwa kukadiria kwenye iliyo karibu zaidi. Usiibe." Nikazidisha mlinganyo wa kwanza kwa 10,000, nikautoa kwenye wa pili. Upande wa y nikapata -9,999, upande wa pili -9,998. "Kata." Zote mbili zikawa -10,000, yaani y = 1 na x = 0, jibu lilelile la mtandaoni. Nikasimama na chaki mkononi. Ile 1 na ile 2 za mlinganyo wa pili zilikuwa zimemezwa, hazionekani tena popote. Mlinganyo mzima umepotea kabla haujanisaidia kitu. Ndipo akasema, "Sasa geuza mistari, mwenye namba kubwa atangulie." Nikageuza, nikakata vilevile bila kuiba, nikapata x = 1, y = 1. Jibu halisi ni karibu 1.0001 na 0.9999. Neno pivo, ile namba unayotumia kufutia nyingine, nilikuwa nalo kwenye daftari muda mrefu, nimelipigia hata mstari, lakini siku hiyo ndiyo nililielewa.

Njia ya Euler, ya kukadiria hatua kwa hatua jinsi kitu kinavyobadilika, alitufundisha jioni ya baridi ya mwezi wa 6, tumejifunika majaketi. Mlinganyo ni y' = -10y (y' ni kasi ya y kubadilika), y inaanzia 1, hatua 0.25. Tukahesabu kwa sauti: -1.5, kisha 2.25, kisha -3.375, kisha 5.0625. Dada yake alikuwa anapakua bukari (ugali) jikoni. Yaya akatuonyesha sufuria: "Hii y ni joto la bukari lililozidi lile la hewa. Mmewahi kuona bukari inapoa, halafu inakuwa baridi kuliko hewa, halafu inaungua zaidi ya mwanzo?" Kila hatua tulikuwa tunazidisha kwa 1 - 10 × 0.25, yaani -1.5, kwa hiyo namba lazima zikue. Tukashusha hatua hadi 0.05, kizidisho kikawa 0.5, y ikaanza kushuka taratibu kama inavyopaswa. Akatuambia tutafute wenyewe mpaka wa namba kutokua uko wapi, na tukaupata: hatua iwe chini ya 0.2.

Kwenye kompyuta anatumia Scilab, programu ya hesabu. Ni ya bure, na ukishaiweka haikuombi intaneti, hilo peke yake limeniokolea mega nyingi. Umeme ukikatika tunarudi ubaoni.

Sasa mapungufu, maana nayo yapo. Anachelewa, wakati mwingine nusu saa. Hatoi karatasi, usiponakili imekupita. Wiki za mitihani mabenchi hayatoshi, na mimi niliwahi kusimama saa 2 nzima. Elementi finiti, njia ya kugawa umbo katika vipande vidogo ili kulihesabu, hafundishi, anakuambia wazi utafute mtu mwingine. Na ukimletea TP akufanyie, anakurudishia karatasi yako bila hata kuifungua. Nimeona mvulana mmoja akiondoka amekasirika kwa hilo, na nilimwelewa, kwa sababu TP ilikuwa ya kesho yake asubuhi.

Nenda na daftari la mistari ya mraba na silabusi yako, na uwe umeshajaribu swali hata kama umekosea, kwa sababu anaanzia pale ulipokosea. Mimi nimeshalipia mwezi ujao. Tunaingia kwenye Simpson, njia ya kukadiria eneo chini ya mchoro.